Uti wa mgongo si mti mmoja

Na Mwandishi Maalumu, Makindye

SAA kumi na mbili asubuhi, barabara zinazoteremka kutoka kilima cha Makindye huwa zimekwisha kujaa mizigo. Mafundi wa Katwe wanasukuma vyuma na mabati kwa mikokoteni. Maseremala wa Nsambya wanahamisha makochi na vitanda. Kibuye sokoni vijana wanapokezana magunia ya mihogo, viazi na mkaa. Kina mama wanapanda mlima na madumu ya maji ya lita 20, yaani kilo 20 kabla hujapima dumu lenyewe. Katikati yao zinapita boda boda, abiria wawili nyuma na furushi mbele ya dereva.

Kazi zote hizo zinaegemea kitu kimoja ambacho tunakitaja kila siku lakini wengi wetu hatukijui. Sisi tuliosomea uhamishoni Tanzania tulikaririshwa tangu tukiwa wadogo kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Waliosomea Kenya waliambiwa hivyo hivyo. Tangu hapo barabara, benki, reli na biashara ya mpakani vyote vimekwishaitwa uti wa mgongo. Hata hivyo, nikiwaambia wanafunzi wangu wa biolojia wachore huo uti wenyewe, wengi huchora fimbo moja iliyonyooka kutoka kisogoni hadi kiunoni.

Fimbo hiyo haipo mwilini mwa mtu yeyote. Kutojua jambo hilo kuna gharama. Ndiko kunakofanya majeruhi wa boda boda anyanyuliwe kwa kuvutwa mikono na miguu. Ndiko kunakofanya mchukuzi anunue mkanda wa kiuno badala ya kupunguza gunia. Na ndiko kunakofanya mtoto anayeota kibiongo apelekwe kuaguliwa wakati dawa yake iko kwenye zahanati.

Lugha nayo inachangia. Kwa Kiswahili cha kila siku tunaita uti wa mgongo vitu viwili tofauti: mnyororo wa mifupa, na ule ugwe laini wa mishipa ya fahamu unaopita ndani ya mifupa hiyo. Tunapotaja homa ya uti wa mgongo, kwa mfano, hatuzungumzii mifupa hata kidogo; tunazungumzia ugonjwa wa utando unaofunika ubongo na ugwe. Katika makala haya mifupa tutaiita pingili, na kilichomo ndani tutakiita ugwe. Msomaji akishika tofauti hiyo moja, ameshika nusu ya somo: pingili ikivunjika huunga, ugwe ukikatika hauungi.

Hesabu ya pingili

Neno pingili limetoka kwenye muwa na mwanzi, na limefaa sana. Mtoto huzaliwa na pingili 33. Anapokuwa mtu mzima, 24 za juu hubaki zikicheza kila moja kivyake, na zilizobaki huungana.

Saba ni za shingo. Idadi hii haitegemei urefu wa shingo: twiga wa Murchison Falls ana pingili saba za shingo, na panya wa ghalani ana saba vile vile. Tofauti ni urefu wa kila moja. Pingili ya kwanza, iitwayo atlasi, ni pete inayobeba fuvu la kichwa. Ya pili, aksisi, ina jino linalochomoza ndani ya pete hiyo. Ukiitika "ndiyo" kwa kichwa, fuvu linabembea juu ya atlasi. Ukikataa kwa kutikisa kichwa kulia na kushoto, atlasi inazunguka kwenye jino la aksisi.

Zinafuata 12 za kifua, na kila moja imeshikwa na jozi moja ya mbavu. Mbavu zinaifanya sehemu hii iwe ngumu na isiyopinda sana. Chini yake kuna tano za kiuno, ambazo ndizo nene kuliko zote, kwa kuwa uzito wote wa juu unaishia hapo. Kisha kuna tano zilizoungana kuwa mfupa mmoja wa pembetatu, sakramu, ambao umekaa katikati ya mifupa ya nyonga kama kabari. Mwisho ni kifandugu, pingili ndogo nne zilizoshikana, ingawa watu wengine wana tatu au tano.

Unaweza kuzihesabu baadhi bila kwenda hospitali. Inamisha kichwa, kisha pitisha kidole nyuma ya shingo. Kile kigongo kikubwa kinachojitokeza pale shingo inapokutana na mabega kwa kawaida ni mwiba wa pingili ya saba. Sasa weka viganja juu ya mifupa ya nyonga na unyooshe vidole gumba kuelekea mgongoni. Vidole vikikutana, viko karibu na pingili ya nne ya kiuno. Hapo na moja iliyo chini yake ndipo wachukuzi wengi husema panawaka moto.

Pingili moja ina sehemu tatu. Mbele kuna mwili wake, mfano wa kipande cha gogo kilichokatwa, na huo ndio unaobeba uzito. Nyuma ya mwili kuna upinde wa mfupa, na kati ya mwili na upinde limebaki tundu. Kwenye upinde zimeota mbawa mbili za pembeni na mwiba mmoja wa nyuma, ambazo ni vishikizo vya misuli. Panga pingili 24, tundu juu ya tundu, utapata mfereji. Humo ndimo unamopita ugwe.

Mnyororo huu haukunyooka. Ukimtazama mtu kwa ubavuni utaona shingo imepinda mbele, kifua kimepinda nyuma, kiuno kimepinda mbele tena na sakramu imerudi nyuma. Mtoto mchanga hana mipindo hiyo yote; mgongo wake una upinde mmoja tu, kama mundu. Anapoanza kuinua kichwa hupata mpindo wa shingo, na anapojifunza kukaa, kusimama na kutembea hupata mpindo wa kiuno. Mipindo hiyo hufanya kazi ya springi za lori. Fimbo iliyonyooka ingepeleka kila kishindo cha mguu moja kwa moja kwenye fuvu.

Mfupa wa Moroto

Uganda ina nafasi ya pekee katika historia ya kiungo hiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanajiolojia William Bishop alikuwa akikusanya mabaki ya kale huko Moroto, Karamoja. Mwaka 1963 yeye na David Allbrook, mtaalamu wa anatomia wa Makerere, walitangaza mabaki ya nyani mkubwa wa kale kutoka Uganda. Allbrook hakuwa mgeni wa migongo. Mwaka 1955 alikuwa amechapisha utafiti kuhusu uti wa mgongo wa watu wa Afrika Mashariki, akipima na kulinganisha pingili zao.

Miongoni mwa mabaki ya Moroto ilikuwamo pingili ya kiuno. Mwaka 1968 Alan Walker na Michael Rose waliieleza katika jarida la Nature. Kilichowashangaza wataalamu ni mahali mbawa zake zilipoota. Kwa tumbili, mbawa za pingili za kiuno huchomoza ubavuni mwa mwili wa pingili, na mgongo wake hupinda kwa urahisi anapokimbia kwa miguu minne. Kwa pingili ya Moroto mbawa zimerudi nyuma, karibu na upinde, kama ilivyo kwa sokwe na kwa binadamu. Huo ni mgongo mgumu wa mnyama aliyezoea kuweka kiwiliwili wima anapopanda na kuning'inia kwenye miti.

Mnyama huyo alipewa jina la Morotopithecus mwaka 1997. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 unaonyesha kuwa aliishi miaka milioni 21 hivi iliyopita, mahali penye miti iliyoachana na nyasi, akila majani. Mabaki ya Moroto yameandikishwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda lililoko Barabara ya Kira hapa Kampala.

Walker aliyefundisha Makerere ndiye baadaye aliyeshirikiana na Richard Leakey kuchunguza mifupa ya kijana wa Turkana, iliyogunduliwa na Mkenya Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome. Kijana huyo aliishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwanzoni watafiti walimhesabia pingili sita za kiuno. Mwaka 2011, baada ya vipande zaidi kutambuliwa, watafiti wengine walionyesha kuwa alikuwa na tano, sawa na zetu.

Somo la mifupa hiyo ni hili. Mgongo ulianza kuwa wima mtini, zamani sana kabla hajatokea mtu wa kusimama na kutembea. Binadamu aliurithi, akauongezea mipindo, akautembeza ardhini kwa miguu miwili. Magunia ya kilo 100 yamekuja juzi tu.

Diski na mtaimbo

Kati ya pingili na pingili, kuanzia aksisi hadi sakramu, kuna mito 23 iitwayo diski. Kila diski ina pete nyingi za nyuzi ngumu zilizozungushwa kama matabaka ya kitunguu, na katikati ina ute mzito wenye maji mengi. Diski zote kwa pamoja ni karibu robo ya urefu wa mnyororo wa pingili.

Mchana kutwa uzito hukamua maji kutoka kwenye diski, na usiku ukilala maji hurudi. Ndiyo maana jioni mtu huwa mfupi kwa sentimita moja hivi kuliko alivyoamka. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake huingia kwa kunyonywa polepole kutoka kwenye pingili zilizo juu na chini, na kujongea huku na huku kunasaidia. Kwa sababu hiyo hiyo, ikichanika hupona kwa taabu.

Miaka ya 1960 daktari Alf Nachemson wa Sweden alipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai. Aligundua kuwa mtu aliyekaa huku ameinama mbele huzibana diski za kiuno kuliko aliyesimama wima. Akiinama na kubeba kitu mikononi, shinikizo hupanda zaidi.

Sababu yake ni kanuni ya mtaimbo. Misuli inayonyoosha mgongo imeshika sentimita tano hivi nyuma ya katikati ya diski. Ukishika mzigo wa kilo 20 ukiwa sentimita 40 mbele ya mgongo, mzigo una mkono mrefu mara nane kuliko wa misuli. Ili usianguke kifudifudi, misuli inalazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 160. Diski inabanwa na zote mbili, jumla kilo 180, na hapo hatujahesabu uzito wa kifua na kichwa chako mwenyewe. Ukiukumbatia mzigo huo huo ukawa sentimita 20 tu kutoka mgongoni, misuli inavuta kilo 80. Dumu halikupungua hata tone. Kilichobadilika ni umbali.

Kwa hesabu hiyo utaelewa kwa nini mama anayefagia uani kwa ufagio mfupi, ameinama kutoka kiunoni, anaweza kuumia ingawa hakubeba kitu. Nusu ya juu ya mwili wake ndiyo gunia.

Je, kubeba kichwani ni vibaya? Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 1986 ulipima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo, Wajaluo kichwani na Wakikuyu kwa kamba ya paji la uso. Ulionyesha kuwa waliweza kubeba hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika. Mwaka 1995 watafiti walieleza siri yake: mwendo wao unabembea kama timazi na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu ya kila hatua. Lakini tuusome utafiti huo wote. Kwa mwanamke wa kilo 60, moja ya tano ni kilo 12. Dumu lililojaa limekwishapita hapo. Aidha, mzigo wa kichwani hauna mtaimbo, lakini unashuka wote juu ya pingili za shingo, ambazo ni ndogo kuliko nyingine zote zinazobeba uzito. Mbebaji akiteleza kwenye tope, shingo ndiyo inayolipa.

Diski ikizidiwa, ute wa katikati unaweza kusukuma pete hadi zitokeze nyuma na kugusa mshipa wa fahamu. Hapo maumivu hayakai kiunoni tu. Yanateremka tako, paja, hata hadi unyayoni, na mguu unaweza kuwa na ganzi. Wengi wanasema mguu unaumwa, kumbe ugomvi uko mgongoni.

Habari njema ni kwamba maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, linashauri elimu ya kujitunza na mazoezi. Halishauri mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine wala dawa kali za jamii ya afyuni. Ikumbukwe kuwa kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli ile ile inayoshikilia pingili. Atakayekuuzia mkanda anakuuzia kitambaa.

Ugwe usiounga

Sasa tuingie mfereini. Ugwe ni mnene kama kidole chembamba, na kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 45 hivi. Unatoka kwenye ubongo na kuishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo mfereji una mishipa mirefu tu, iliyoachana kama singa za mkia wa farasi. Ndiyo sababu daktari anayetaka kutoa maji ya mgongo kwa kipimo huchoma sindano chini ya hapo, mahali ambapo hawezi kutoboa ugwe.

Kutoka kwenye ugwe hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu, kila jozi ikipenya kati ya pingili na pingili kwenda sehemu yake. Mishipa ya juu ya shingo huendesha kiwambo cha kupumulia. Ya chini ya shingo huendesha mikono. Ya kifua huendesha misuli ya mbavu na tumbo. Ya kiuno na sakramu huendesha miguu, kibofu na choo.

Kwa hiyo mahali ugwe ulipoumia ndipo panapoamua mtu atapoteza nini. Ukikatika kifuani, mikono inabaki lakini miguu inakufa. Ukikatika katikati ya shingo, vyote vinne vinakufa. Ukikatika juu kabisa ya shingo, pumzi husimama. Mpaka leo hakuna dawa wala upasuaji unaounganisha ugwe uliokatika. Lakini kuna jambo ambalo kila mpita njia anapaswa kulijua: mara nyingi ajali huvunja pingili na kuuacha ugwe mzima, au ukiwa umebanwa tu. Pingili iliyovunjika inaweza kukaa mahali pake hadi hospitali. Inaweza pia kusogezwa na wasamaria wema na kuumaliza ugwe palepale barabarani.

Neno boda boda lilizaliwa mpakani Busia, ambako baiskeli zilivusha watu na bidhaa kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya. Leo pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli, na wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Mutukula wanazitegemea sawa na wakazi wa Makindye. Ajali ikitokea, watu hukusanyika kwa moyo wa kusaidia. Mmoja hushika makwapa, mwingine miguu, majeruhi anapinda katikati kama gunia tupu. Kisha anakalishwa kwenye pikipiki nyingine, katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia, kichwa kikining'inia.

Yafuatayo yanaweza kufanywa na mtu yeyote. Kwanza, kama hakuna moto wala hatari ya magari, usimsogeze; simamisha magari badala yake. Pili, angalia kama anapumua, kwa kuwa pumzi hutangulia mgongo. Tatu, mtu mmoja apige magoti kichwani kwake na kushika kichwa kwa mikono miwili kikiwa sawa na kiwiliwili, na amwambie asigeuke kukutazama. Nne, muulize kama anasikia ukimgusa miguu na kama anaweza kutikisa vidole. Tano, akilazimika kusogezwa, tafuteni ubao, mlango au benchi pana. Watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda kwa mpigo mmoja kama gogo linaloviringishwa. Telezesheni ubao chini yake, mrudisheni, na mfungeni asiyumbe. Kofia ngumu aliyovaa ibaki ilipo, isipokuwa kama inamzuia kupumua. Mpelekeni kwenye gari ambalo anaweza kulala kwa urefu wake wote.

Jambo hili linahitaji dakika kumi na benchi la dukani. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na miaka 40 ya kiti cha magurudumu.

Kwa familia ambayo tayari ina mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, adui mkubwa ni vidonda vya kulalia. Ngozi isiyo na hisia haimwambii mtu ageuke. Mgonjwa aliye kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na aliye kwenye kiti ajiinue mara kwa mara. Kibofu nacho kinahitaji uangalizi, kwa kuwa maambukizi ya mkojo yanaweza kuharibu figo. Hospitali ya Mulago na ile ya CoRSU iliyoko Kisubi, Barabara ya Entebbe, ni miongoni mwa mahali penye huduma za mifupa na za kumrejesha mtu katika maisha.

Kibiongo si laana

Kuna maumivu ya mgongo ambayo hayatokani na mzigo, na hayapaswi kusubiri. Kubwa kwa eneo letu ni kifua kikuu. Wengi wanadhani ugonjwa huu ni wa mapafu tu, lakini vijidudu vyake husafiri kwa damu na kukaa kwenye pingili, mara nyingi zile za chini ya kifua. Hula mwili wa pingili polepole kutoka mbele. Mbele ikibomoka na nyuma ikibaki imesimama, mgongo unakunjika na kutoa kibiongo chenye ncha. Daktari Percivall Pott wa London aliuandika ugonjwa huu mwaka 1779, na dalili zake zimeonekana hata kwenye maiti za kale zilizohifadhiwa Misri.

Mgonjwa anaweza asikohoe kabisa. Ana maumivu ya mgongo ya wiki nyingi yasiyopungua akipumzika, homa za jioni, jasho la usiku, na anakonda. Baadaye miguu inaanza kulegea kwa sababu usaha na mfupa uliobomoka vinabana ugwe. Ikifika hapo majirani huanza kuulizana nani kamroga.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali Uganda, na vile vile Kenya na Tanzania. Kwa ugonjwa wa pingili matibabu huchukua muda mrefu kuliko wa mapafu, mara nyingi hadi mwaka mzima. Mgonjwa anayeanza mapema huweza kupona na kutembea. Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka kila wiki hatari iko kwenye kukatisha dozi. Kabla ya safari ndefu, omba kituo kikuandikie barua ya uhamisho, ili uendelee na dawa upande wa pili.

Dalili nyingine za kukimbilia hospitali bila kungoja kesho ni hizi: miguu yote miwili kuishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja mahali mtu anapokalia tandiko, na kushindwa kukojoa au kuzuia haja. Hizo zinaonyesha kuwa ugwe, au ule mkia wa farasi, umebanwa. Saa chache zinaweza kuamua kama mtu atatembea tena.

Gunia ni la nani?

Turudi kwenye mizigo, maana hapo ndipo sisi wenyewe tuna uwezo wa kubadilisha kitu. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 127 kuhusu uzito wa juu wa kubebwa na mfanyakazi mmoja. Pendekezo lililofuatana nao, namba 128, linataja kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mzima, na linataka wanawake na vijana wabebe pungufu sana ya hapo. Nchini Kenya, kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka mfuko usizidi kilo 50. Tanzania imepambana na lumbesa kwa miaka mingi, lile gunia lililoshonewa kilemba juu hadi likapita kipimo.

Kila mfanyabiashara anajua kwa nini lumbesa haifi. Ushuru, nauli na upakiaji vinatozwa kwa gunia, wala si kwa kilo. Gunia moja la kilo 120 linalipiwa mara moja. Mawili ya kilo 60 yanalipiwa mara mbili. Faida hiyo haitoki hewani. Inatoka kwenye diski ya tano ya kiuno cha kijana anayelipukutisha gunia hilo kutoka kwenye lori na kulipwa kwa idadi. Siku diski hiyo itakapotokeza, hakuna mwenye mzigo atakayemlipia hospitali, kwa sababu jina lake halimo kwenye karatasi yoyote.

Wenye mali wanaweza kukubaliana na wapakiaji walipane kwa kilo. Vyama vya soko vinaweza kukataa kupokea gunia linalopita kilo 50, au kutaka zito libebwe na watu wawili au kwa toroli. Anayebeba naye apinde magoti badala ya kiuno, aukumbatie mzigo karibu na tumbo, na ageuke kwa miguu badala ya kusokota kiwiliwili. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mradi wa wafadhili. Mizani ipo sokoni tayari. Kinachotakiwa ni kulipima gunia kabla halijapanda begani mwa mtu.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa biolojia wa sekondari na mkazi wa Makindye, aliyerejea nchini baada ya kusomea Tanzania.